Machipuko kabla ya Kuchipua

Fungua kamusi yoyote inayotaja majira ya Ulaya kwa Kiswahili, utakuta msimu unaofuata baridi umeitwa machipuko, majira ya kuchipua au majira ya chipuko. Ni neno zuri. Lina ngeli yake, linapokea kivumishi bila kinyongo, na halihitaji mfafanuzi: yeyote aliyekata mgomba akaona kinachotokea wiki inayofuata analielewa papo hapo. Nimeishi nalo kwa amani miaka mingi. Amani hiyo hutetereka kila ninapolazimika kuliandika chini ya picha.

Naishi Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Kuanzia mwisho wa Januari hutoka na kamera kutafuta dalili za kwanza kwamba baridi inakata tamaa. Nasema dalili, wala si ishara, maana ishara hutolewa na mwenye nia, kama trafiki anyooshaye mkono, ilhali dalili hujitokea yenyewe hata asipokuwepo wa kuiona. Ndiyo maana wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sasa basi, picha za dalili hizo za Februari ukizipanga mezani, hutaona chipukizi hata moja. Matawi ni matupu. Nyasi zimelala. Kilichopo ni maua.

Mhazeli ndio unaotangulia. Ni kichaka cha kando ya njia ambacho mtu wa haraka hukipita akidhani ni kuni. Ukisimama utaona vining'inio vya manjano vyenye urefu wa kidole, na upepo ukivigusa vinamwaga vumbi. Hilo vumbi ni chavua. Ukisogeza lenzi karibu kabisa na tawi, karibu kuliko jicho tupu linavyopenda, utaona kitu cha pili: kitumba kidogo cha kijani, na kileleni mwake nyuzi nyekundu zenye urefu wa milimita chache. Hilo ndilo ua la kike. Watu huzaliwa na kuzeeka jirani na mihazeli bila kuliona, na mimi ningekuwa mmoja wao kama si lenzi ya kupigia vitu vidogo. Jani la kwanza la kichaka hicho litakuja baada ya wiki nyingi, na kuchelewa kwake kuna sababu: chavua inayosafiri kwa upepo hufika upesi pasipo na majani ya kuizuia njiani.

Vile vining'inio Wajerumani huviita Kätzchen, yaani vipaka, kwa kuwa vile vya mwerebi vina manyoya laini. Nilijaribu kuandika "vipaka vya mhazeli" na ukurasa wenyewe ukanicheka. Msaada ulitoka shambani. Mhindi nao una maua ya kiume na ya kike yaliyotengana katika mmea mmoja, nao hutegemea upepo. Ua lake la juu, linalomwaga chavua, wakulima wetu huliita mbelewele, na zile nyuzi zinazochungulia kwenye gunzi ni ndevu. Mbelewele za mhazeli, ndevu za mhazeli. Msomaji wa Iringa hahitaji picha ili aelewe ipi ni ipi, na mtaalamu wa mimea hana cha kulalamikia, kwa sababu kazi ya viungo hivyo ni ileile katika mimea yote miwili. Kumbe istilahi tulikuwa nayo muda wote, ila tuliipanda kwenye zao jingine.

Turudi kwenye jina la msimu. Forsithia, kichaka kingine cha huku, nayo hugeuza vijiti vyake vya kahawia kuwa manjano matupu kabla ya jani kuonekana. Kama machipuko maana yake ni kuchipua, basi Hamburg huyapata sawasawa mnamo Aprili, na wiki zote za mbelewele zinabaki hazina jina, zimesukumwa ndani ya baridi ambayo tayari zimeitoka.

Si Kiswahili peke yake chenye taabu hii. Lugha zilizolelewa ndani ya msimu huu zenyewe hazikubaliani ni kitu gani cha kutaja. Frühling ya Kijerumani imejengwa juu ya neno la "mapema". Lente ya Kiholanzi inatokana na kurefuka kwa siku, jambo ambalo sisi wa karibu na Ikweta hatukuwa na haja ya kulipa jina: Hamburg mchana wa Desemba ni saa saba na nusu tu, na wa Juni unafika kumi na saba. Waitaliano wana primavera, na ndani yake mna neno la "kwanza". Wengine wametazama saa, wengine anga, sisi tukatazama shina. Chaguo letu ni la mkulima, wala silionei haya, ila lina gharama yake: linaruka mwanzo.

Waliotutangulia walipambana na msimu huu kwa namna zao. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, walipofika kwenye Wimbo Ulio Bora pale baridi inapokwisha na maua kutokea, waliandika kaskazi mahali pa majira ya baridi. Mtu wa Pwani akisoma anashtuka kidogo, maana kaskazi kwake ni Desemba hadi Machi, upepo mkavu na joto la kutoa jasho usiku. Lakini ukifikiri utawaelewa: walitafuta nusu ya mwaka, si kipimo cha joto. Wengine waliita msimu huu masika, na hapo siwezi kuwafuata. Masika ni mvua. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba picha hii ya uwanda mkavu wenye jua jembamba ni ya masika, atatazama viatu vyako kwanza kuona kama vina tope.

Watangazaji walikutana na tatizo hilohilo mwaka 2011, Waarabu walipomiminika mitaani na magazeti ya Magharibi yakayaita matukio hayo kwa jina la msimu huu. Wengi redioni wakasema vuguvugu la mageuzi katika nchi za Kiarabu. Napenda sana uamuzi ule. Walitupa sitiari ya watu wengine wakachukua ya kwetu, ya maji yaliyoanza kupata moto. Niliwahi hata kufikiri kwamba vuguvugu ndilo jina la mwanzo wa machipuko tulilokuwa tukilitafuta. Fikra hiyo iliishia kwenye daraja la Lombardsbrücke mwezi Februari, upepo ukitoka ziwa Alster na vidole vikikataa kubonyeza kitufe cha kamera. Hapana vuguvugu pale.

Daraja hilo nalitaja kwa sababu. Kando yake pana forsithia ambayo siku yake ya kuchanua imekuwa ikiandikwa tangu mwaka 1945. Mji ulikuwa umebomolewa kwa mabomu, na bado kukawa na mtu wa kutazama kichaka. Geneva wana mchestnati wao, nao una daftari la serikali tangu 1818: afisa wa bunge la jimbo anaandika tarehe jani la kwanza linapofunguka. Wajapani wamewapita wote. Kumbukumbu za kuchanua kwa micheri ya Kyoto zinarudi nyuma hadi mwaka 812, na hadi 2021, kilele kilipofika tarehe 26 Machi, mfululizo huo haukuwa na mwaka uliochanua mapema zaidi. Tokyo wana mti wa mfano katika hekalu la Yasukuni. Maofisa huutazama, na yakishafunguka maua matano au sita hutangaza kwamba mcheri umeanza. Navutiwa na hiyo tano au sita. Ni istilahi iliyofanyiwa hesabu: "kuanza kuchanua" si hisia tena.

Elimu hii ya kutazama mimea na wanyama wanavyofuata majira ina jina lake, fenolojia, ambalo Mbelgiji Charles Morren alilitumia hadharani mwaka 1849. Alilijenga kwa kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuonekana, kujitokeza, na kitenzi hicho kina undugu na neno la Kiyunani la mwanga, lililozaa neno la Wazungu la upigaji picha. Kwa hiyo mtu anayepiga picha za dalili za majira anafanya kazi mbili zenye mzizi mmoja. Kwa Kiswahili undugu huo hauonekani kwenye istilahi, ila unasikika studio: enzi za filamu tulipeleka picha kusafishwa, kisha tukauliza kama imetoka. Picha hutoka, jani hutoka, jua hutoka.

Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, Deutscher Wetterdienst, imeitumia fenolojia kutengeneza kalenda ambayo mpenzi wa maneno hawezi kuipita. Ndani yake mwaka una majira kumi. Machipuko peke yake yamegawanywa matatu: Vorfrühling, Erstfrühling, Vollfrühling. Ukifasiri sehemu kwa sehemu unapata "machipuko ya kabla", "machipuko ya kwanza" na "machipuko kamili". Nimeona tafsiri za aina hiyo na zina sura ya fomu ya serikali. Kibaya zaidi, hazikuambii chochote. Lakini tazama jinsi Wajerumani wenyewe wanavyoyaeleza majira hayo: la kwanza linaanza mhazeli unapochanua, la pili forsithia inapochanua, la tatu mtufaha unapochanua. Tarehe haipo. Mwaka huu huenda ikawa Januari, mwaka mwingine mwisho wa Februari. Mmea ndio saa.

Na sisi tuna usemi huo. Tunasema msimu wa maembe, na hakuna anayeuliza tarehe. Msimu, neno lenye asili ya Kiarabu iliyozaa pia jina ambalo mabaharia wa Ulaya waliupa upepo wetu wa bahari, limezoea kumilikiwa na mimea. Basi kwa nini tuhangaike na kabla na kwanza na kamili? Msimu wa mhazeli. Msimu wa forsithia. Msimu wa mtufaha. Hapo tumefasiri maelezo badala ya jina, na maelezo ndiyo yenye akili.

Rafiki yangu wa Pemba, mkali wa lugha, alinipinga: msimu kwa watu wetu ni wa mavuno, si wa maua, hakuna msimu wa mwembe, kuna msimu wa maembe. Hoja nzito, lakini ilitoka kwenye kinywa kisichostahili. Msimu wa karafuu ni msimu wa nini? Karafuu ni tumba. Ni ua lililochumwa kabla ya kufunguka, na mchumaji anayeijua kazi hutazama rangi yake ikitoka kijani na kuelekea wekundu, kwa sababu likishafumbua thamani inashuka. Kisiwa kizima cha Pemba kimeishi kwa kusoma hatua za tumba moja. Kama kuna watu wenye haki ya kutunga istilahi za vitumba vya Ulaya, ni hao.

Tukifika hapo, malalamiko kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya ukuaji yanakosa miguu. Mnazi una upunga, kisha kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Kila hatua na jina lake, kwa sababu kila hatua ina kazi yake au ladha yake. Mjerumani angehitaji sentensi nzima kueleza koroma. Tofauti yetu ni ya macho yalikoelekezwa, na kamera ni chombo cha kuyaelekeza upya. Mimi nilipoanza kupiga picha vitumba vya mtufaha nilijikuta natumia maneno niliyokuwa nayo: jicho, kama wanavyoliita wanaobebesha michungwa, jicho lililovimba, tumba, tumba lililofumba, tumba lililoanza kufumbua, ua lililochanua. Kuchanua kwenyewe ni neno la kutazamwa mara mbili, jirani wa kuchana na chanuo, kana kwamba petali zilikuwa nywele zilizosokotana.

Rangi nayo. Kijani si rangi iliyokuwa na jina lake ikapewa majani. Ni majani yaliyogeuka kuwa rangi. Hili lina uzito usiotarajiwa. Huko Marekani, tangu mwaka 2008, mtandao uitwao PhenoCam umekuwa ukitumia kamera zilizofungwa juu ya misitu, zikipiga picha kila nusu saa, kisha kompyuta inapima ni kiasi gani cha rangi ya kila picha ni kijani, na kwa kipimo hicho inajua siku msitu ulipovaa majani. Ukisema kwa Kiswahili kwamba kompyuta inapima ukijani, umesema mambo yote mawili kwa mpigo, rangi na jani. Tunalo pia chanikiwiti, neno la kale lenye lahaja za kaskazini ndani yake, maana yake jani bichi. Limeachwa kwenye kamusi na mashairi. Ningelitoa kwenye likizo hiyo na kulipa kazi ya kudumu: ule ukijani wa majani ya kwanza ya mti wa beechi, unaopitisha jua kama karatasi na kuisha ndani ya siku chache, ndio chanikiwiti. Usililazimishe kwa msitu wa Julai.

Ipo picha moja ambayo kila anayeandika tarehe kwenye picha zake anapaswa kuijua. Ilipigwa tarehe 30 Mei 1868 kwenye makaburi ya Lowell, Massachusetts, siku ya kuwakumbuka askari. Nyuma ya watu kuna miti, na miti haina majani. Watafiti Abraham Miller-Rushing, Richard Primack na wenzao walirudi na kamera mahali pale tarehe ileile ya mwaka 2005: majani yameziba anga. Waliichapisha jozi hiyo mwaka 2006 pamoja na picha nyingine na mimea mikavu iliyohifadhiwa. Picha moja haithibitishi karne, maana kila mwaka una baridi yake, na wao walijua hivyo. Ndiyo sababu walikusanya nyingi. Lakini mpiga picha wa 1868 hakuwa akitafuta dalili ya chochote. Alitaka watu. Miti iliingia kwa bahati, na tarehe ikaifanya kuwa ushahidi. Jozi kama hiyo naiita picha pacha, na sijasikia mtu akiuliza maana yake.

Niseme kidogo juu ya barafu, kwa kuwa ndipo maelezo ya picha hupotosha kuliko popote. Kusini magharibi mwa Hamburg kuna Altes Land, bonde la matufaha linaloenea kando ya mto Elbe. Mitufaha ikishachanua, usiku mmoja wa jalidi unaweza kuharibu mavuno. Wakulima hufungua mabomba na kuinyunyizia maji usiku kucha, na asubuhi kila ua limefungwa ndani ya barafu safi. Picha zake ni za ajabu, na mara nyingi huandikwa chini yake kwamba maua "yameuawa na baridi". Kinyume chake: maji yanapoganda hutoa joto, na maadamu yanaendelea kumwagika, ua lililo ndani hubaki karibu na sifuri na kunusurika. Mkulima wa Njombe au Nyandarua, ambaye baridi humuunguzia viazi, ataelewa upesi kuliko mwandishi wa mjini. Naandika "ua lililohifadhiwa kwa barafu".

Ndege wamenipa kazi zaidi. Mwisho wa Februari hupita juu ya mji ndege warefu kwa mstari wa pembe, wakipiga kelele; Wajerumani huwaita Kranich. Baadaye huja wengine, weupe wenye mabawa meusi, wanaozunguka angani kimya na kutua juu ya mapaa. Hao ni Storch, na kijiji cha Bergenhusen huko Schleswig-Holstein kinajulikana kwa viota vyao. Sisi wote hao tunawaita korongo. Neno letu hilo limechoka: ni ndege hao wawili, ni mnyama mwenye pembe, na ni bonde lenye kingo za wima kama Olduvai. Walau sarufi inatuokoa na hilo la mwisho, kwa kuwa korongo huyu huruka na korongo lile halitoki mahali pake.

Huyu wa mapaa ana haki ya jina kamili la Kiswahili, korongo mweupe, kwa kuwa wengi wa njia ya mashariki hupita bonde la Nile na kukaa kwetu wakati Ulaya imeganda. Mwaka 1822 mmoja alipigwa risasi karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika uliopenya shingoni, naye akiruka nao. Amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Kabla yake wapo wasomi walioamini kwamba ndege hulala chini ya maji majira ya baridi. Kwa hiyo picha ya korongo mweupe juu ya paa la Bergenhusen ni dalili ya machipuko kwa aliye pale, na kwa mtu wa Serengeti ni habari za mgeni aliyefika kwake.

Limebaki ua moja, la kwanza kabisa kutoka ardhini, jeupe, limeinamisha kichwa, hata kulipiga picha ndani, penye alama zake za kijani, inabidi ulale kifudifudi kwenye tope. Waingereza huliita tone la theluji, Wajerumani kengele ndogo ya theluji. Jina la kitaalamu, Galanthus, ni Kiyunani cha ua la maziwa. Yote yanataja linavyofanana. Wafaransa hutaja linalofanya: perce-neige, mtoboaji wa theluji, na hawakosei, kwani ncha za majani yake ni ngumu kiasi cha kupenya ardhi iliyoganda. Mimea yetu mingi hupata majina kwa njia hiyo ya matendo. Mfano ni kifaurongo, anayejifanya amekufa ukimgusa. Nimeandika kitoboatheluji. Mhariri aliuliza kama linakubali wingi, maana maua hayo hayaoti moja moja. Vitoboatheluji, nikamjibu, na picha ikaenda mtamboni.